Aliyeambiwa ni Samweli

Picha yangu ya harusi imetundikwa Rabai, juu ya kabati la vyombo la hawe. (Sisi wa Rabai bibi twamwita hawe, na ingawa nimezaliwa na kukulia Mombasa sijawahi kumwita vingine.) Mgeni akiingia, hawe humwelekeza picha kwa mkongojo. "Huyo hapo ukutani simjui," husema. "Mjukuu wangu ni huyu aliyekaa mkekani." Mgeni hucheka, nami hucheka naye, ingawa mara ya kwanza sikucheka hata kidogo.

Siku yenyewe alitoka kwake alfajiri, akapandia matatu Mazeras, akafika kanisani saa nzima kabla yetu. Alikuwa amejifunga leso mpya, doti nzima, bado zanuka duka. Gari letu lilipoingia alikuwa amesimama pale langoni. Nikashushwa, nikainua gauni lisiguse vumbi, nikamwendea na tabasamu langu lote. Hawe akanipisha. Alisogea pembeni kwa adabu, kama ampishaye mke wa mtu mkubwa, macho yamebaki kwenye gari akimsubiri atakayeshuka baada yangu. Kisha akamgeukia shangazi: "Na bibi harusi mbona hatoki?"

Macho yake hayakuwa na kasoro. Wiki hiyo hiyo alikuwa amechagua mchele wa pilau, debe zima, bila miwani.

Shangazi alipomweleza, hawe alinitazama kuanzia kwenye shela hadi kidevuni, akatikisa kichwa. "Kizuri chajiuza," akasema. "Huyu mbona mmemtembeza?"

Mpambaji alikuwa amenikalisha kitini tangu saa kumi na moja asubuhi. "Nakupandisha rangi kidogo tu," aliniambia huku akinigongagonga sponji ya fandesheni mashavuni. "Weusi hauji vizuri kwenye picha." Sikubisha. Shilingi elfu sita nilitoa mwenyewe. Sasa Februari ya Mombasa haina huruma na mtu: tulipofika kwenye viapo, shingo ilikuwa imechora mstari pale rangi ya kupakwa ilipokutana na yangu, na ukosi wa gauni jeupe ulikuwa na ukanda wa kahawia kama aliyemwagikiwa na chai. Msimamizi wangu alinifuta kwa tishu kila mchungaji alipofumba macho kuomba. Bahati nzuri mchungaji wetu huomba kwa urefu.

Lakini mpambaji simlaumu. Alikuta kazi imeshaanzwa.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikwenda kwenye kibanda cha vipodozi mjini kutafuta mkorogo. Muuzaji hana maswali mengi. Anakutazama uso, anakutazama mikono, halafu anaanza kuchanganya: krimu hii vijiko viwili, jeli ya tyubu ile, matone ya mafuta kutoka kwenye chupa isiyo na karatasi, kisha anakoroga kwa kijiti cha aiskrimu ndani ya kopo la plastiki. Hakuna kipimo kinachoandikwa popote. "Asubuhi na usiku," akaniambia, "na jua ulikimbie." Kulikimbia jua, Mombasa! Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Hapa jua ndilo likukimbizalo.

Wiki za kwanza nilijiona malaika. Kila mtu kazini aliniuliza natumia nini, na kila aliyeuliza nilimjibu maji mengi na matunda, Mungu anisamehe. Wiki ya tano uso ukaanza kuwasha nikinawa, chunusi ndogondogo zikajaa kidevuni, vishipa vyekundu vikajichora mashavuni. Vifundo vya vidole navyo vilikataa katakata kubadilika. Ule mzaha wa mtaani wa uso Fanta, miguu Coca-Cola, nikawa mimi ndiye nasimuliwa.

Daktari wa ngozi hakunikaripia, na nitamshukuru kwa hilo daima. Alinieleza kwamba rangi ya ngozi hutokana na melanini, nayo ndiyo mwavuli wa ngozi juani. Haidrokwinoni na zebaki huizuia ngozi isiitengeneze. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta madoa meusi yenye ubuluu ambayo ni kazi kutoka, yaani kile ulichokikimbia kinakurudia kikiwa na sura mbaya zaidi. Zebaki hupenya mpaka ndani ikadhuru figo. Na dawa za jamii ya steroidi, ambazo alishuku ndizo zilizokuwa kwenye ile jeli yangu, huifanya ngozi kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiziacha ghafla, uso huwaka ukizidai. Mataifa yalikubaliana katika mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kwamba ifikapo 2020 krimu na sabuni za kubadili rangi zenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni zisitengenezwe tena wala kusafirishwa kuuzwa. Hapa kwetu Kenya nazo zimepigwa marufuku. Shida ni kwamba kopo langu halikuwa hata na jina la kupigia marufuku.

Swali ambalo daktari hakuuliza, na ambalo nimejiuliza mwenyewe mara nyingi, ni hili: mtoto wa kanisani, aliyeimba kwaya tangu meno ya utotoni, alifuata nini kwenye kibanda kile? Urembo wa ndani nilihubiriwa kuliko hesabu.

Jibu nadhani liko kwenye igizo moja la Krismasi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua maneno yote ya Mariamu, na ya malaika pia, endapo malaika angeugua. Mariamu akapewa mwenzangu aliyekuwa mweupe kutushinda sote, ambaye jukwaani aliyasahau maneno mara mbili. Mimi nikapewa kilemba na fimbo: mchungaji wa tatu, mstari mmoja wa kusema. Mwalimu wa Sande skuli aliyaona machozi yangu, akainama, akaniambia kwa upole, "Usijali mama. Wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo."

Alikuwa mtu mwema na alisema alichoweza. Lakini hata kwa miaka tisa mtu hujua anapopewa pole. Hakuna anayeambiwa "Bwana huutazama moyo" ila watu wawe wameshamtazama uso wakamaliza. Yule mwenzangu aliyepewa Mariamu hakuna aliyemgusia habari ya moyo wake.

Nikakua na mstari huo kama peremende anayotuliziwa mtoto. Sura yenyewe nilikuja kuisoma yote, kuanzia juu, nikiwa mtu mzima, nimekwama kwenye foleni ya feri Likoni, na uso wangu wa baada ya mkorogo umefungwa mtandio.

Ni 1 Samweli 16. Samweli ameingia Bethlehemu na pembe yake ya mafuta kumtafuta mfalme mpya. Amwona Eliabu, kifungua mimba wa Yese, mtu wa kimo, na moyoni anajiambia bila shaka ndiye huyu. Mungu anamkatiza: "Usimtazame uso wake, wala urefu wa kimo chake." Haya, anayeambiwa maneno hayo ni nani? Ni Samweli. Eliabu hakuambiwa neno. Daudi hata hayupo, yuko machungani na kondoo. Anayekaripiwa ni mtazamaji, tena nabii, mzee aliyelelewa hekaluni. Wala hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Sauli, mfalme aliyemtia mafuta kabla, Biblia yasema alikuwa mrefu kuliko watu wote kuanzia mabegani kwenda juu. Mzee alikuwa ameshaungua kwa urefu wa watu mara moja, na hapo alikuwa anakaribia kuungua tena.

Halafu kuna mstari wa 12, ambao mwalimu wangu hakuufikia. Kijana analetwa kutoka machungani, nasi tunaambiwa ana macho mazuri na umbo la kupendeza. Nilicheka peke yangu pale foleni mpaka mama aliyebeba kuku akanigeukia. Kama somo lilikuwa kwamba Mungu huwapenda zaidi wasiopendeza, mwandishi ameliharibu mwenyewe mistari mitano baadaye! Uzuri wa Daudi haukumpatia mafuta wala haukumnyima. Palipokuwa na ugonjwa ni kwenye macho ya Samweli. Na sisi mstari huo, miaka nenda miaka rudi, tumekuwa tukiwanyweshea dawa wanaotazamwa.

Tangu siku hiyo kila andiko la urembo nikiletewa huuliza kwanza linaambiwa nani.

Tuchukue 1 Petro 3, rungu la wahubiri dhidi ya saluni. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa injili ambapo mhubiri aliwataja wenye rasta, wenye kucha ndefu, wenye wanja, mmoja baada ya mwingine, kama karani anayesoma majina ya wadaiwa. Andiko lake: kujipamba kusiwe kwa nje, yaani kusuka nywele, kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi. Moyoni nikamwambia, baba, mbona umefika kwenye nywele ukashuka? Mavazi nayo yametajwa. Tukikufuata neno kwa neno, Jumapili ijayo tutakuja tulivyozaliwa. Petro aliwaandikia watu wa dola ya Kirumi, na katika dola hiyo nywele za bibi tajiri zilijengwa kama ghorofa na mtumwa wa kike ambaye hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Katika kanisa linalokutana sebuleni, bibi na mtumwa wanakula meza moja ya Bwana, na kichwa cha mmoja chatangaza kwa chumba kizima nani anamiliki nani. Nikiisoma hivyo, habari ya misuko inakuwa na uzito ambao mhubiri wa kuchunguza kucha hawezi kuufikia.

Kinachonivuta zaidi ni neno la wafasiri wetu. Kigiriki chasema "mtu wa moyoni aliyefichika". Biblia yetu ya Union Version imeandika "utu wa moyoni usioonekana". Utu! Mswahili akilisikia neno hilo hafikirii kitu cha kung'aa kifuani mwa mtu aliyekaa peke yake. Utu unataka watu wawili. Fulani twasema ana utu kwa sababu alikuachia kiti kwenye matatu ukiwa na mtoto, au alikukopesha na mtaa mzima hadi leo haujajua. Ukimfungia mtu chumbani mwaka mzima, utu wake huna pa kuuona. Basi kwa Kiswahili cha Petro yale mapambo yasiyoharibika huonekana pale tu unapokuwa na mtu mbele yako.

Na Wimbo Ulio Bora? "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri," asema msichana katika sura ya kwanza. Hiyo "lakini" imenikaa kooni miaka mingi. Kwa Kiebrania hapo pana herufi moja tu, vav, iliyobandikwa mbele ya neno, nayo yaweza kuwa "na" au "lakini" kadiri msomaji anavyoona. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliweka "na". Jerome, akitafsiri kwa Kilatini, akaweka "lakini", na Biblia ya mamangu nayo ina "lakini". Mweusi na mzuri. Mweusi lakini mzuri. Kati ya hizo mbili pana nafasi ya kutosha kusimamisha kibanda kizima cha mkorogo. Tena mstari unaofuata msichana anawageukia mabinti wa Yerusalemu na kuwakanya wasimkodolee macho. Jua limemchoma kwa kulindishwa mashamba ya mizabibu ya watu. Hapo pia wanaoambiwa ni watazamaji.

Kila asubuhi matatu yangu hupita Kengeleni. Kengele iliyopatia mahali hapo jina ni ya Frere Town, makao waliyoyaanzisha wamishenari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa wametolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa baharini. Iligongwa kuwaonya wanakijiji hatari inapokuja. Humo mlikuwa na watu waliojua kutazamwa kwa bei ni nini: sokoni mtumwa alifunguliwa mdomo akaguliwe meno, akashikwa mikono na mapaja, akageuzwa mbele na nyuma kama ng'ombe wa mnada. Wajukuu wa wajukuu wao tumo nao kanisani, tunaimba nao sauti ya tatu. Nami nikipita pale humkumbuka muuzaji wangu alivyonitazama uso, akanitazama mikono, akaanza kuchanganya. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu, na pesa nikatoa mimi.

Asije mtu akasema nakataza kujipamba. Wanja siachi, na jioni nikimkuta muuza vikuba vya asmini siwezi kumpita. Yesu mwenyewe alisimamisha mahubiri akawaambia watu wayatazame maua, akasema Sulemani katika fahari yake yote hakuvikwa kama mojawapo la hayo. Aliyesema hivyo si mtu aliyechukia kitu kizuri.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Mwaka wa nne huu nahudumu mlangoni mwa kanisa letu. Sisi ndio maasha: skafu ya zambarau, tabasamu, "karibu sana mtumishi". Jumapili moja ya Desemba alikuja muuza maji. Mkokoteni wake aliuegesha nje kando ya ukuta, mitungi ya lita 20 imepangwa imefungwa kwa mpira, akaingia na fulana iliyolowa jasho na akala za tairi miguuni. Kiti cha tatu kutoka mbele kilikuwa wazi. Nikamwonyesha benchi la nyuma kabisa, lile la pembeni mwa spika. "Hapa patakufaa," nikamwambia, "kuna feni." Feni ile ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Dakika tano baadaye akaingia bwana mmoja mwenye suti na funguo za gari mkononi, simjui baba yake wala mama yake, nikamtembeza mpaka kiti cha tatu kutoka mbele.

Sikuhisi chochote. Hilo ndilo linalonitisha. Hapakuwa na sauti ya dhamiri wala jogoo kuwika. Nilirudi mlangoni nikanyoosha skafu.

Majuma mawili baadaye nilikuwa nafundisha kwenye ushirika wa akina mama. Somo nililichagua mwenyewe: urembo wa ndani. Nikasimulia hawe alivyonipisha langoni, wakacheka mpaka machozi. Nikaeleza Samweli, nikaeleza utu, na nikiri nilijipenda siku hiyo. Nilipouliza kama kuna swali, mama mmoja wa makamo, ambaye kwa kawaida huja na kuondoka bila kusema, akakohoa.

"Si swali la somo," akasema. "Yule muuza maji aliyekuja siku ile huniletea maji mimi. Aliniuliza, mama, kule kanisani kwenu viti vya mbele ni vya kulipia? Nami sikuwa na jibu. Nikasema nikuulize wewe unayekaa mlangoni."

Hakuwa na shari. Aliuliza vile mtu aulizavyo nauli. Wenzangu wakaanza kutazama sakafu, na mimi nikafungua Biblia, kwa sababu mkono unahitaji pa kwenda, ikafunguka Luka. Sitasema ilikuwa muujiza. Ndipo nilipokuwa nimeweka alama ya somo la wiki iliyofuata, habari ya Zakayo. Mtu mfupi wa kimo, amepanda mkuyu ili amwone Yesu. Nimelifundisha hilo kwa watoto kwa nyimbo na vitendo. Siku hiyo jicho langu liliangukia maneno mengine: Yesu alipofika mahali pale "alitazama juu". Mfupi ambaye mji mzima ulimtazama kwa chini, sasa anatazamwa kwa kuinuliwa kichwa. Kisha akaitwa kwa jina. Nami nikagundua kwamba yule wangu hata jina lake sikuuliza.

Hakurudi kanisani. Nilimngoja Jumapili nzima ya kwanza ya Januari, nikamshikia na kiti.

Jumatano iliyopita mifereji ilikauka tena mtaani kwetu, siku ya tatu. Nikasikia magurudumu ya mkokoteni kwenye changarawe, nikatoka mbio nilivyo: leso kifuani, kichwa hakijachanwa, madoa ya shavuni yote nje. Alikuwa yeye. Alinitazama mara moja tu.

"Wewe ndiye wa mlangoni," akasema.

Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikameza mate. "Ndugu yangu, siku ile sikukuuliza jina. Waitwa nani?"

Akafungua mpira uliofunga mitungi, akaukunja, akautia mfukoni.

"Mingapi kwanza?"

"Minne," nikasema, naye akaanza kushusha.